Siku yetu ya mapumziko Kisii: Jumamosi, gurudumu bovu na mkono wa shemeji

Wakuu, habari za humu.

Ninayoyaandika yametupata sisi wenyewe, mimi na shemeji yangu, na sijayatia chumvi. Nimechoka mno, sina nguvu za kutunga. Naandika nikiwa kwenye benchi nyuma ya nyumba ya watu huku Ikonge, Nyamira, nchini Kenya, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

Nianze na sisi ni akina nani, msije mkapotea.

Mimi ni seremala wa Kahama. Umri umevuka hamsini. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea kwenye vitabu vile vinavyouzwa kwa mafungu pembeni mwa stendi. Napenda jambo liende kwa mpango. Kabla ya safari hii nilichora njia yote, nikaweka tutalala wapi na baiskeli zitakaguliwa wapi.

Shemeji anaitwa Magesa. Nimemwoa dada yake. Ni fundi cherehani, mtu wa suruali na sare za shule, na mikono yake ndiyo duka lake. Yeye hapangi kitu. Akiamka akaona kumekucha, basi mpango umetimia.

Binti yake, Neema, ameolewa huku Ikonge kwa wakulima wa chai, na amejifungua mtoto wa kwanza. Magesa akatangaza mbele ya watu kwamba atakwenda kumpakata mjukuu wake kwa baiskeli, kutoka Kahama. Watu wakacheka sana. Mimi nilipiga hesabu, nikaona inawezekana, nikasema nitafuatana naye.

Mke wangu alitupa sharti moja tu: "Mrudi kama mlivyoondoka."

Niliona ni sharti jepesi.

Sitawachosha na njia yote. Shinyanga, Mwanza, Bunda, Tarime, tukavukia Sirare. Jua, upepo wa malori, vumbi. Upande wa Kenya ukishaipita Rongo, ardhi inaanza kujikunja kama shati lililotoka kwenye ndoo. Unapanda mpaka unasikia moyo masikioni, unashuka kidogo, unapanda tena. Migomba pande zote, na watu wanaokutazama kwa huruma.

Hapo ndipo Magesa alipoanza tabia moja ya ajabu. Mlima alikuwa anapanda juu ya baiskeli, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Akifika kileleni anashuka, halafu mteremko wote anaukokota kwa miguu.

Nilimsubiri chini ya kila mteremko. Hatimaye nikamuuliza, "Shemeji, kupanda unaendesha, kushuka unatembea. Hiyo umesomea wapi?"

"Natazama migomba," akasema. "Kahama kuna migomba?"

"Unaogopa mteremko kama kuku."

"Kuku anafika sokoni akiwa mzima."

Nikacheka, nikaendelea. Nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine. Karibu na Suneka spoki za gurudumu langu la nyuma zilianza kukatika, ringi ikawa inayumba na kusugua breki. Akili yangu yote ilikuwa kwenye gurudumu.

Sasa kuhusu mapumziko. Kisii ndipo nilipopanga tupumzike siku nzima, na niliichagua Jumamosi kwa makusudi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Jumapili mafundi wengi wanafunga, Jumamosi wanafanya kazi. Kwa hiyo Jumamosi nitatengeneza gurudumu, tutafua, tutanunua zawadi, na Jumapili tutafika kwa wakwe tukiwa wasafi. Mtu hafiki kwa wakwe ananuka jasho la wiki mbili.

Wakuu ambao mmewahi kuishi Kisii mmeshaanza kucheka. Subirini.

Tuliingia mjini Ijumaa jioni, kwenye mwanga wa mwisho. Tukaelekezwa kwa mama mmoja anayepangisha vyumba kwa wasafiri, nyumba ya mabati mekundu upande wa kupanda kilima. Anaitwa Mama Nyaboke. Mama mnene kiasi, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Tulimkuta anakimbizana na sufuria, anafunika hiki, anaepua kile.

Alituonyesha chumba, akatazama nguo zetu, akasema, "Kama mko na kitu ya kuosha, osheni sasa. Jua bado haijaingia."

Nikajibu, "Asante mama, tutafua kesho kwa nafasi."

Akanitazama kidogo. "Kesho," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akarudi kwenye sufuria zake. Nilidhani anawaza habari ya maji kukatika.

Nikalala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi niliamka mapema, nikaipindua baiskeli uani, nikaanza kufungua gurudumu la nyuma. Nilikuwa bado nageuza nati ya kwanza nilipomsikia nyuma yangu.

"Mzee! Sasa hiyo ni nini unafanya?"

Alikuwa amevaa gauni la kutokea na kofia nyeupe, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Natengeneza gurudumu, mama."

"Si nilikwambia jana? Leo ni Sabato. Kwa hii boma leo hakuna kuosha, hakuna kupika, hakuna kugonga vyuma."

"Mama, sisi si Wasabato."

"Lakini ua ni ya Msabato." Akanyoosha kidole kwenye baiskeli yangu iliyolala miguu juu. "Geuza hiyo kitu isimame. Iko kama ng'ombe imekufa."

Magesa alikuwa mlangoni, kajifunga shuka, anacheka mpaka anashika mwimo wa mlango. "Mtu wa mipango!" akasema. "Umechagua Jumamosi katika mji wa Wasabato! Ungeenda basi na Makka mwezi wa Ramadhani ukatafute chai ya mchana."

Sikukata tamaa. Nililibeba gurudumu begani, tukashuka mjini. Kwa haki niseme kwamba Kisii haifungwi yote siku hiyo. Kuna Wakatoliki, kuna Waislamu wa madukani, kuna watu wasio na habari na siku. Lakini kila fundi wa baiskeli niliyeelekezwa, kibanda kilikuwa na kufuli.

Duka moja la vipuri lilikuwa wazi. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kufuma, alinitolea spoki za kipimo changu bila kupepesa macho.

"Na fundi wa kunyoosha ringi?" nikamuuliza.

"Fundi wangu yuko kanisani."

"Na huyu wa jirani?"

"Yuko kanisa hilohilo, anaimba besi." Akafunga spoki kwenye gazeti. "Jana mchana ungenikosa mimi, nilikuwa msikitini. Kesho utawakosa wale wengine. Kisii, bwana, ukitaka kumkuta kila mtu kazini, njoo Jumatatu."

Kunyoosha ringi mwenyewe naweza, ila nifanyie wapi? Barabarani, kwenye tope? Nikaketi kwenye ngazi ya duka na gurudumu langu mapajani. Nikahisi uchovu umenishuka wote kwa pamoja, ule wa Bunda, wa Tarime, wa milima ya jana. Uchovu niliokuwa nimeuwekea miadi ya baadaye.

"Shemeji," Magesa akasema, "acha tupumzike. Si ndicho tulichokuja kufanya?"

Basi tukapumzika. Na niwaambie ukweli, ilikuwa tamu.

Tulikunywa chai ya maziwa na mandazi kwenye hoteli moja, tumekaa dirishani, tukatazama mji unavyopanda na kushuka. Kisii haina sehemu tambarare ya kutosha kuviringisha mpira. Familia zilipita kwenda kanisani, baba na suti, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Nyimbo zilikuwa zinasikika kutoka vilimani, kanisa hili likinyamaza lile linadakia. Kwa mara ya kwanza tangu Kahama sikutazama saa.

Jambo moja nililiona pale, nikaliacha lipite. Magesa alikunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Mengine nilikuwa nimeshayaona njiani. Siku mvua ilipotunyeshea Migori aliniomba nimfungie vifungo vya koti la mvua, akasema ana baridi. Sirare aliangusha sarafu, akamwambia mwenye kibanda aziokote achukue. Mimi mtu wa kupima kila kitu, haya yote niliyaona na sikuyaunganisha.

Mama Nyaboke alirudi kutoka ibada ya asubuhi akatuita mezani. Hakutuuliza kama tuna njaa. Chakula kilikuwa kimepikwa jana yake kabla ya jua kuzama: kuku, mboga ya chinsaga, ambayo kwetu ni mgagani, na ugali wa wimbi ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa vizuri. Ugali wa wimbi ukilala unakaza. Unahitaji vidole vyenye nguvu kuukata.

Tukanawa. Mama akaomba. Tukaanza.

Magesa akauminya ugali kwa mkono wa kulia. Haukukatika. Akauminya tena. Vidole viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja pembeni, havifanyi kazi, kama watu waliokuja msibani kutazama tu. Tonge likamponyoka likaanguka mezani.

"Mmh," Mama Nyaboke akasema. "Ugali yangu ni mbaya?"

"Ni nzuri sana, mama. Naomba kijiko."

"Kijiko kwa obokima?" akasema, akiuita ugali kwa Kikisii, na akaacha kutafuna. "Hebu lete hiyo mkono."

Magesa akauficha chini ya meza. Mtu wa umri ule, mkono chini ya meza. Hapo ndipo nami nilipoacha kula.

"Shemeji," nikasema, "tangu lini?"

"Tangu Bunda."

"Bunda!"

"Kilianza hiki cha mwisho. Nikasema kimelala, kitaamka. Kisha jirani yake naye akalala."

"Na miteremko?"

"Breki ya mbele siwezi kuibana. Nikibana, vidole vinafunguka vyenyewe. Kwa hiyo natazama migomba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungefanya nini? Ungechora ramani nyingine, ya kurudi nyumbani."

Ndivyo hasa ambavyo ningefanya.

Mama Nyaboke alikuwa ameshasimama, simu sikioni, anaongea Kikisii haraka haraka. Alipokata nikamwambia, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba nilidhani leo kazi haifanyiki.

"Baiskeli itangoja," akasema. "Mkono ni mtu."

Aliyempigia alikuwa tabibu, muumini mwenzake. Angekuja baada ya ibada ya mchana.

Mvua ya Kisii ikaja ilivyo desturi yake, ghafla, kama mtu amemwaga mahindi juu ya bati. Tukalala. Sijawahi kulala vile mchana. Nilikuwa na hofu, lakini mwili haukuniuliza. Nilipoamka mvua imekatika, Magesa yuko macho kwenye kitanda chake, ametandaza magotini kigauni cha mtoto alichokishona mwenyewe kabla hatujaondoka. Kidogo kama mfuko wa sukari, kifuani kina mashada madogo ya uzi. Alikuwa anajaribu kukikunja kwa mkono wa kulia.

Nikafumba macho tena, nikajifanya bado nimelala.

Tabibu alifika jioni na suti yake ya kanisani. Mtu wa makamo, mpole. Hakuwa na vifaa. Alichana kipande cha karatasi kutoka kwenye tangazo la kanisa, akampa Magesa akishike kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa kushoto kwanza. Akakivuta. Karatasi haikutoka.

Kisha mkono wa kulia. Akakivuta. Kilitoka kama kinatolewa kwenye maji.

"Wewe unafanya kazi gani, mzee?"

"Nashona."

Tabibu akaugeuza mkono ule kiganja juu. Akaeleza kwa lugha nyepesi: kuna mshipa wa fahamu unapita hapa chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. Mtu akiegemea usukani siku nyingi anaubonyeza. Ukiacha kuubonyeza, mara nyingi nguvu zinarudi, kwa wiki au kwa miezi. Ukiendelea kuubonyeza, zinaweza zisirudi zote. Aende hospitali apimwe vizuri, na asiguse usukani.

"Imebaki siku moja tu," Magesa akasema. "Kesho nafika. Miteremko nitashuka kwa miguu."

"Shida si mteremko, mzee. Ni kule kuegemea."

"Nitaegemea mkono mmoja."

"Shemeji," nikasema.

"Nilisema nitafika kwa baiskeli! Watu wote walisikia. Nimetoka Kahama, nimebakiza hapo tu, nishuke kwenye gari na begi kama mtu aliyetoka sokoni?"

Akautazama mkono wake. "Lakini nisipoweza kushika sindano..." Hakuimalizia.

Mama Nyaboke ndiye aliyejibu. "Huyo mjukuu ako na miezi ngapi?"

"Mwezi mmoja na kidogo."

"Mtoto ya mwezi moja, atakuuliza umekuja na nini?"

Magesa alijizuia, akashindwa, akacheka. Kicheko kifupi, kimechoka. Nikajua ameshakubali.

Jua lilipozama, Mama Nyaboke alileta beseni na kipande cha sabuni, akaviweka miguuni pangu kwa kishindo. "Sasa osha. Tangu asubuhi umekuwa na haraka." Shati la Magesa hakunipa. Alilifua mwenyewe.

Jumapili asubuhi fundi aliyekuwa anaimba besi alikuja akaninyooshea ringi, akakataa nisaidie. Baiskeli ya Magesa tukaiingiza kwenye stoo ya mama, kati ya magunia ya mahindi. Yeye akapanda gari la kwenda Nyamira amevaa shati ambalo halijakauka, kigauni ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Tulimkatalia kubeba chochote kingine.

Mimi nikaendesha peke yangu.

Kutoka Kisii kwenda Nyamira na kuja huku Ikonge ni vilima vya chai, kijani ambacho macho yanachoka kukitazama. Nilipanda polepole. Gurudumu lilikuwa linazunguka sawasawa, halisugui popote, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Kwenye mteremko mmoja mrefu nilijikuta nimeshuka, naikokota baiskeli kwa miguu. Nikatazama migomba. Ni mizuri kweli.

Nilifika jioni. Wakwe walinipokea barabarani. Neema alinipeleka ndani, na Magesa alikuwa ameketi kwenye kochi, mto chini ya kiwiko, mtoto kwenye mkono wa kushoto. Kigauni kilikuwa kikubwa kidogo, na kilimpendeza.

Mtoto alikuwa amekishika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa babu yake. Mnajua watoto wachanga wanavyoshika, utadhani wananing'inia juu ya kisima.

Neema akasema, "Baba, ona anavyokushika!"

"Nimeona," Magesa akasema, akitabasamu.

Neema alipotoka kwenda jikoni akanigeukia, akaongea kwa sauti ya chini. "Shemeji, kanishika kwa nguvu?"

Nikasogea nikatazama. Ncha ya kidole chake ilikuwa imekuwa nyeupe.

"Kwa nguvu," nikamwambia. "Hataki kukuacha."

Akatikisa kichwa. Akaendelea kukitazama kile kidole kama cha mtu mwingine.

Hospitali wamemwona jana, wamesema yaleyale aliyosema tabibu: apumzike, asubiri. Jinsi ya kurudi Kahama sijapanga, na safari hii sitapanga kabla ya kumuuliza mwenzangu. Mke wangu nimempigia simu, nimemweleza kila kitu. Akauliza ni mkono upi.

Nililojifunza ni hili. Siku ya mapumziko niliigeuza siku ya matengenezo, nikadhani nina akili. Ningempata fundi Jumamosi ile asubuhi, tungeshinda kibandani, tungekula chapati tumesimama, Jumapili tungepanda baiskeli wote wawili na nisingejua lolote. Ilibidi nizuiwe kushika spana ndipo nimtazame mtu niliyetoka naye nyumbani. Kwa hiyo mnaosafiri wawili wawili, siku moja wekeni kila kitu chini, mle pamoja polepole, na mtazamane mikono.

Pia ukipanga kupumzika Kisii, usipange kufanya kitu Jumamosi. Pumzika tu.

Sasa naomba msaada wenu. Aliyewahi kufa ganzi vidole kwa baiskeli, au kwa cherehani, au kwa kazi yoyote ya kuegemea viganja, anieleze: nguvu zilirudi? Zilichukua muda gani? Zilirudi zote? Msinitie moyo bure, niambieni kama ilivyokuwa.

Magesa mwenyewe haingii humu. Mimi ndiye ninayemsomea, na tangu nianze kuandika ameshapita hapa kwenye benchi mara kadhaa na mtoto begani, anauliza, "Wamesemaje?"